Ua Lisilokauka Vizuri

Chukua ua la irisi lililochanua asubuhi, lilaze katikati ya karatasi za gazeti, weka mbao juu yake na mawe juu ya mbao, kisha subiri wiki mbili. Hivyo ndivyo wataalamu wa mimea walivyohifadhi sampuli zao kwa karne nyingi, na kwa mimea mingi njia hiyo inafaa kabisa. Jani la mwembe likikauka bado ni jani la mwembe, na suke la mtama halipotezi umbo lake. Irisi haikubali. Petali zake ni laini na zimejaa maji, hivyo zikibanwa hushikana, hujikunja na kuwa utando mmoja wa zambarau iliyochujuka. Ukifungua gazeti huwezi tena kusema ipi ilisimama juu na ipi ilining'inia chini, wala hujui ua hilo lilikuwa buluu ya namna gani.

Udhaifu huo wa ua ndio uliowapa wachoraji kazi. Kwa muda mrefu, mtu wa London au Paris aliyetaka kujua irisi fulani ya milima ya Uturuki au ya China inafananaje alitafuta mchoro, akausoma kama vile hakimu anavyosoma hati. Michoro mingi ya namna hiyo imeishia kwenye fremu za kumbi za hoteli na kwenye kalenda, lakini haikuchorwa ili ipambe ukuta. Ilichorwa ili mtu asiyeuona mmea aweze kuutambua atakapokutana nao.

Na irisi ni mtihani mgumu kwa mchoraji. Ua lake limejengwa kwa tatu-tatu. Petali tatu za nje huinama kuelekea chini, na tatu za ndani husimama wima. Katikati huchomoza vitu vingine vitatu ambavyo mtazamaji wa mara ya kwanza hudhani ni petali pia. Hivyo ni mikono ya staili, sehemu ya kike ya ua, iliyopanuka na kujipaka rangi. Kila mkono huilalia petali moja ya nje na kufanya njia nyembamba yenye dari, na chini ya dari hiyo imejificha stameni moja yenye chavua. Nyuki hutua kwenye petali ya nje, hufuata michirizi au ndevu zilizo katikati yake, kisha hupenya ndani kutafuta nekta. Mlangoni hukutana kwanza na kijimdomo chembamba cha stigma kinachokwangua chavua aliyoibeba mgongoni kutoka ua jingine. Akiingia zaidi, stameni humpaka chavua mpya. Anapotoka kinyumenyume, hugusa upande wa kijimdomo usiopokea chavua, kwa hiyo ua halijichavushi lenyewe kirahisi. Kwa nyuki, ua moja la irisi ni milango mitatu.

Sasa mchoraji aonyesheje yote hayo kwenye karatasi moja? Akilichora ua kwa mbele, stameni hazionekani kabisa. Akilichora kwa ubavu, petali moja huficha nyingine. Njia iliyozoeleka ni kulichora ua zima likiwa limesimama kwenye kikonyo chake, kisha kulichana ua la pili na kuviweka vipande vyake pembeni kimoja kimoja: petali ya nje, petali ya ndani, mkono wa staili na kijimdomo chake, stameni, na ovari iliyokatwa kwa upana ili vyumba vyake vitatu vionekane. Watazamaji wengi huvipita vipande hivyo wakikimbilia ua lenyewe. Mtaalamu huanza navyo.

Zipo irisi za aina zipatazo 300, zote za nusu ya kaskazini ya dunia, kuanzia Ulaya na Afrika Kaskazini hadi Japani na Marekani. Baadhi huota kutoka shina nene linalotambaa ardhini kama tangawizi, na baadhi hutoka kwenye kitunguu. Baadhi zina ndevu kwenye petali za nje, nyingine hazina. Hakuna hata moja iliyo ya asili kusini mwa Sahara, ingawa jamaa zake wa karibu wamejaa Afrika.

Kabla ya kupendwa kama ua, irisi ilithaminiwa kama dawa na manukato. Daktari Mgiriki Dioscorides, aliyeandika katika karne ya kwanza kitabu cha dawa kilichotumika Ulaya na katika nchi za Kiislamu kwa zaidi ya miaka 1,000, aliuweka mmea huu mwanzo kabisa wa kitabu chake. Alianza na mimea yenye harufu nzuri, na shina la irisi likikaushwa na kuhifadhiwa kwa miaka kadhaa hutoa harufu inayotafutwa na watengenezaji wa manukato hadi leo. Huko Toscana nchini Italia, Iris pallida bado hulimwa kwa ajili hiyo.

Nakala ya kitabu cha Dioscorides iliyo maarufu kuliko zote ilitengenezwa Constantinople mnamo mwaka 512 hivi, kwa ajili ya binti wa kifalme aitwaye Anicia Juliana. Ina picha za mimea karibu 400, na pembeni mwa kurasa zake wasomaji wa karne zilizofuata waliandika majina ya mimea kwa Kiarabu na Kiebrania. Katika karne ya 16 ilinunuliwa na kupelekwa Vienna, nayo ipo huko mpaka sasa. Baadhi ya picha zake ni za kushangaza kwa uhai wake. Tatizo lilikuja kwa walionakili. Mwandishi wa Kirumi Plinius alikuwa ameshalalamika kabla ya hapo kwamba picha za mimea hupotosha, kwa sababu rangi ni nyingi, wanakili hawana ujuzi sawa, na mmea hubadilika kila msimu. Alikuwa amesema kweli tupu. Kwa miaka mingi wachoraji wa Ulaya walinakili picha kutoka kwenye picha, bila kutoka nje kuutazama mmea, na kila nakala ikazidi kuwa mbali na ukweli.

Kuna jambo la kuchekesha kidogo hapo. Wachoraji wa vitabu vya mkono katika Ulaya ya zama za kati walizijua irisi vizuri sana, kwa njia nyingine: walizikamua. Maji ya petali za zambarau yakichanganywa na shabu hugeuka kijani kizuri, na kijani hicho kilitumika kupaka majani na nguo za watakatifu kwenye vitabu vya sala. Irisi ilikuwa chupa ya rangi kabla ya kuwa mfano wa kuchorwa.

Mabadiliko yalikuja mwanzoni mwa karne ya 16. Katika jumba la sanaa la Kunsthalle mjini Bremen, Ujerumani, kuna picha ya rangi za maji ya Albrecht Dürer inayoonyesha irisi moja tu kwa ukubwa wake halisi. Hakuna mandhari nyuma yake, hakuna Bikira Maria, hakuna chombo cha maua. Ni mmea, na mtu aliyeutazama kwa makini. Mwaka 1542, mjini Basel, daktari Leonhart Fuchs alichapa kitabu cha mimea chenye picha zaidi ya 500 zilizochongwa kwenye vibao vya mbao, irisi zikiwemo. Fuchs alieleza kwamba hakuwaruhusu mafundi wake wajionyeshe kwa vivuli na madoido ambayo yangeuficha ukweli wa mmea. Lakini hakuwa mchoyo wa sifa. Mwishoni mwa kitabu aliweka picha za mafundi wenyewe watatu wakiwa kazini: aliyechora mmea, aliyehamishia mchoro kwenye kibao, na aliyechonga. Ni nadra hadi leo kuona kitabu kikiwapa wachoraji heshima hiyo.

Mbao ina mipaka yake, kwa sababu haiwezi kuubeba mstari mwembamba mno. Shaba inaweza, na kwa shaba irisi ilipata mchoraji wake maarufu kuliko wote. Pierre-Joseph Redouté alizaliwa mwaka 1759 huko Saint-Hubert, katika nchi ambayo leo ni Ubelgiji, akahamia Paris, akamchorea malkia Marie Antoinette, akanusurika mapinduzi yaliyomwondoa malkia huyo, kisha akachora bustani ya Malmaison ya Joséphine, mke wa Napoleon. Kati ya mwaka 1802 na 1816 alitoa Les Liliacées, majuzuu manane yenye picha 486. Jina linataja jamii ya mayungiyungi, ila ndani mmeingizwa pia irisi nyingi na mimea mingine iliyodhaniwa kuwa na undugu nayo. Hata mgomba umo.

Sababu ya kuichagua mimea hiyo iliandikwa mwanzoni mwa kazi yenyewe: mimea ya namna hii haihifadhiki kwa kukaushwa, kwa hiyo ni lazima ichorwe. Redouté alichora asili zake kwa rangi za maji juu ya ngozi ya ndama iliyolainishwa. Ngozi hiyo hainyonyi maji kama karatasi, hivyo rangi hukaa juu na kung'aa, na petali ya irisi, ambayo mwanga hupita ndani yake, huonekana kana kwamba bado ina umande. Kisha mafundi waliuhamisha mchoro kwenye bamba la shaba kwa vinukta vidogo sana badala ya mistari. Bamba moja lilipakwa rangi kadhaa kwa pamoja, likachapwa, na mwisho brashi ikapita kurekebisha. Vinukta vilifaa kwa irisi kuliko mistari, maana petali haina mistari ya kivuli. Rangi yake hupungua polepole mpaka ikaisha. Michoro ya asili ya kazi hiyo, zaidi ya 400, iliuzwa mnadani New York mwaka 1985, na baadaye ikatawanyika mikononi mwa wanunuzi mbalimbali.

Redouté ni mzuri mno, na hapo ndipo pa kumtilia shaka kidogo. Irisi zake hukaa kwenye ukurasa kwa adabu ya ikulu. Majani yamepinda mahali panapopendeza, wala huoni jani lililotobolewa na mdudu. Anayetaka kuning'iniza picha sebuleni amchague yeye. Anayetaka kuamua kama mmea ulioota bustanini kwake ni aina hii au ile, wapo wengine wa kumsaidia zaidi.

Mmojawapo alitokea Uingereza. William Curtis alianza miaka ya 1770 kuchapa kitabu kikubwa cha mimea ya porini iliyoota kuzunguka London, kazi ya hali ya juu iliyomtia hasara, kwa sababu matajiri hawakutaka kulipia picha za magugu. Tarehe 1 Februari 1787 akatoa kitu kingine: gazeti dogo la maua ya bustani kutoka nchi za mbali, lililouzwa kwa shilingi moja. Picha ya kwanza kabisa ndani yake ilikuwa Iris persica, irisi fupi ya kitunguu yenye petali zilizopauka na doa jeusi la zambarau. Gazeti lilinunuliwa sana, na Curtis mwenyewe alitania kwamba kitabu cha kwanza kilimletea sifa na cha pili kilimletea chakula. Curtis's Botanical Magazine linachapishwa hata sasa chini ya bustani ya Kew, na bado linawatumia wachoraji.

Picha za gazeti hilo zilipakwa rangi kwa mkono, nakala baada ya nakala, mpaka mwaka 1948. Watu walikaa mezani wakiwa na mfano mmoja mbele yao, wakapaka mamia ya karatasi zinazofanana. Zambarau ndiyo iliyowatesa. Nakala mbili za irisi ileile, zilizotoka mwezi mmoja, zinaweza kutofautiana, moja ikielekea waridi na nyingine ikielekea buluu. Tena nyekundu ya zamani iliyotengenezwa kwa wadudu wa kochinili hufifia kwenye mwanga, na ikififia ndani ya zambarau hubaki buluu peke yake. Kwa hiyo mtu anayeitazama picha kuukuu ya irisi iliyokaa ukutani miaka mingi hana hakika kwamba anaona rangi aliyoikusudia mchoraji. Picha zilizofungiwa kitabuni zimesalimika zaidi.

Walter Hood Fitch, aliyelichorea gazeti hilo tangu 1834 hadi 1877, alitoa picha zake zaidi ya 2,700 kabla ya kuondoka kwa ugomvi wa malipo. Nafasi yake ilichukuliwa na Matilda Smith, aliyechora kwa zaidi ya miaka 40. Majina yao hayajulikani na watu wengi, ilhali irisi kadhaa zilizotoka Asia ya kati na Mashariki ya Kati wakati huo zilionekana Ulaya kwa mara ya kwanza kupitia kurasa za gazeti hilo.

Hata hivyo, kitabu ambacho wapenzi wa irisi hukirejea zaidi hakikutoka ikulu wala Kew. Kilitoka shuleni.

Katika mji mdogo wa Godalming, kusini mwa London, kuna shule iitwayo Charterhouse, ambayo zamani ilikuwa ya wavulana tu. Mwanzoni mwa karne ya 20 mmoja wa walimu wake alikuwa William Rickatson Dykes, aliyezaliwa mwaka 1877. Dykes alikuwa amevutwa kwenye irisi na Michael Foster, profesa wa fiziolojia wa Cambridge ambaye, akitoka maabara, alishughulika na bustani yake ya irisi na kuandikiana barua na wamisionari wa Mashariki ya Kati waliomtumia vitunguu na mashina ya mimea. Foster alifariki 1907 bila kukamilisha kitabu, na maandishi yake yakafika mikononi mwa Dykes.

Dykes alizitembelea hifadhi za mimea mikavu, akakuta kilichokutwa na kila mtu: vipande vya kahawia vilivyobandikwa kwenye karatasi, vyenye majina yanayogongana. Mmea mmoja ulikuwa na majina matatu, na jina moja lilibeba mimea mitatu. Alichofanya ni kuzipanda. Aliagiza mbegu na mashina kutoka kila alikoweza, akayaotesha bustanini kwake, akasubiri maua. Jirani yake kazini alikuwa Frank H. Round, mwalimu wa kuchora wa shule hiyohiyo. Ua likifunguka, Round aliweza kulichora likiwa hai, na Dykes akiwa karibu kumwonyesha kinachotofautisha mmea huu na ule.

Kitabu chao, The Genus Iris, kilichapwa na Cambridge University Press mwaka 1913 kikiwa na picha 47 za rangi za Round. Hazina adabu ya Redouté. Petali zimeachwa zilivyo, majani mengine yamepinda vibaya, na rangi za baadhi ya maua ni za matope, kwa kuwa irisi hizo kweli zina rangi ya matope. Ndiyo sababu zinaaminika. Ipo pia picha moja ya ziada iliyochorwa na Miss R. M. Cardew, nayo haina ua hata moja. Ni ya mbegu tu: za duara, za pembe, bapa, zenye mikunjo. Nani ataiweka picha ya mbegu ukutani? Lakini kwa anayepanga jamii za irisi, mbegu ni ushahidi mkubwa, na hupatikana miezi kadhaa baada ya ua kuanguka. Mchoro kamili wa irisi moja, kwa hiyo, haumaliziki kwa siku moja wala kwa wiki moja.

Mifano ya namna hiyo ni mingi, na kila mmoja unaonyesha kwa nini ua peke yake halitoshi. Iris pallida, ile ya manukato, hutambulika kwa ala zinazofunika tumba zake. Ua linapochanua, ala hizo zimekwishakauka zote na kuwa nyeupe nyembamba mithili ya karatasi, wakati za Iris germanica bado zina ukijani. Mchoraji anayeona ala hizo zinamharibia picha na kuziacha amefuta alama kuu ya kitambulisho. Irisi fupi za vitunguu za kundi la Iris reticulata nyingi zina majani yenye pembe nne, na hilo halionekani mpaka jani likatwe na sura ya mkato ichorwe pembeni. Iris foetidissima ina ua la rangi hafifu ambalo mpita njia hulipuuza, kisha kifuko chake hupasuka na kuonyesha mbegu za rangi ya machungwa kali. Iris unguicularis ya Algeria na nchi za mashariki ya Mediterania huonekana kuwa na kikonyo kirefu, ila kile si kikonyo. Ni mrija wa ua lenyewe, na ovari imejificha chini kabisa katikati ya majani. Mchoraji aliyelikata ua juu ya ardhi amekata ua katikati.

Kisha kuna Iris albicans, nyeupe, ya asili ya Yemen na Saudia. Waislamu waliipanda makaburini na kuibeba walikokwenda, na hivyo ikaenea hadi Hispania. Mtaalamu Johan Lange aliipa jina la kisayansi mwaka 1860 kutokana na mimea ya huko Hispania, mbali na ilikotoka. Hii haizai mbegu. Imesafiri umbali wote huo kwa vipande vya shina, mkono kwa mkono, na ukurasa wake katika kitabu cha irisi ungebaki bila safu ya mbegu.

Dykes alipewa baadaye ukatibu wa Jumuiya ya Kifalme ya Bustani ya Uingereza. Alifariki mwaka 1925 baada ya ajali ya gari. Mkewe Katherine aliendelea na kazi aliyokuwa ameianza mumewe juu ya tulipu, akaihariri na kuichorea picha mwenyewe, ikatoka 1930.

Mchoraji wa irisi leo hufanyaje kazi? Haraka, kwanza. Ua lililochanua leo kesho litakuwa limeanza kulegea kingo, na joto la taa huliharakisha. Hivyo huanza na ua na kuacha majani, kwa kuwa majani yatamsubiri. Hupima kwa bikari urefu wa petali, upana wake, na umbali kutoka ua hadi jani la kwanza, akahamishia vipimo hivyo karatasini bila kukisia. Mwanga huuleta kutoka juu kushoto, desturi ya zamani inayosaidia michoro ya watu tofauti ilinganishwe. Hupaka vijipande vya rangi pembeni mwa karatasi ua likiwa bado bichi na kuandika amechanganya nini, maana ua likifa rangi huondoka nalo. Tangu 1966 kuna chati ya rangi ya Jumuiya ya Kifalme ya Bustani, ambapo kila rangi ina namba, na mchoraji huweza kuweka petali juu ya kijipande cha chati na kuandika namba badala ya kubishana kama hii ni zambarau au urujuani.

Ugumu wa mwisho ni uso wa petali. Baadhi ya irisi zina petali za nje zenye mng'ao wa mahameli. Iris chrysographes ya China, iliyopewa jina na Dykes mwaka 1911, ina petali za zambarau iliyokaribia weusi na juu yake michirizi ya dhahabu. Ukiipaka nyeusi ya kopo inakufa papo hapo. Wachoraji hujenga giza hilo kwa tabaka nyingi nyembamba za buluu na nyekundu, kila moja ikikauka kabla ya nyingine, na michirizi ya dhahabu huachwa wazi tangu mwanzo kwa sababu haiwezi kuongezwa baadaye juu ya giza.

Kamera ilitarajiwa kuimaliza kazi hii. Kwa maua ya buluu ilishindwa kwa muda mrefu sana. Maua mengi ya buluu hurudisha kwa wingi mwanga mwekundu wa mbali ambao jicho la binadamu haliuoni, na filamu za rangi ziliuona, hivyo ua la buluu likatoka pichani likiwa la waridi. Kamera za kidijitali zimepunguza kasoro hiyo, ingawa urujuani bado unazisumbua. Na hata rangi ikiwa sahihi, picha ya kamera ni ya ua moja, pamoja na jeraha lake na kivuli chake. Mchoraji hutazama maua kadhaa ya aina moja, akaacha kasoro za hili na lile, akabakiza yaliyo ya wote.

Ni vyema kutochanganya kazi hii na picha nyingine mashuhuri za irisi. Ogata Kōrin wa Japani, mwanzoni mwa karne ya 18, alifunika kiambaza cha kukunjwa kwa dhahabu na kupanga juu yake makundi ya irisi za buluu na kijani, baadhi yakirudiwa kwa kutumia kigezo kilichokatwa. Jumba la Nezu mjini Tokyo hukitoa kiambaza hicho majira ya kuchipua, irisi za bustani yake zikichanua. Vincent van Gogh alichora irisi zake mwaka 1889 katika bustani ya hospitali alikolazwa huko Saint-Rémy, na moja ya picha hizo iliuzwa 1987 kwa karibu dola milioni 54. Huwezi kutambua mmea kwa uhakika kutoka kwa Kōrin wala kwa Van Gogh, nao hawakutaka hilo.

Afrika Mashariki nayo ina ukurasa wake katika habari hii, kupitia jamaa za irisi: Moraea, Aristea, Gladiolus na Dietes. Kwa miaka 60, kuanzia 1952 hadi 2012, wataalamu wa Kew na wenzao wa Kenya, Uganda na Tanzania waliandika mimea ya kanda hii katika mfululizo wa vitabu unaoeleza aina zaidi ya 12,000. Michoro yake ni ya wino mweusi bila rangi, yenye ua lililochanwa, mbegu na vipimo. Kwa rangi, mtu huenda kwenye michoro ya Joy Adamson, ambaye kabla ya simba jike Elsa kumpa umaarufu alizunguka Kenya akichora maua ya porini, kazi iliyomletea medali ya dhahabu ya Grenfell ya Jumuiya ya Kifalme ya Bustani mwaka 1947.

Mwenye penseli aliye Nairobi au Arusha hana haja ya kusafiri ili ajaribu. Dietes hupandwa sana kando ya njia na kwenye bustani za ofisi: majani marefu kama panga, ua jeupe lenye doa la njano, na katikati mikono mitatu ya staili kama ya irisi, stameni zikiwa zimefichwa chini yake. Ua la Dietes iridioides hudumu siku moja tu, kwa hiyo ni vizuri kuanza mapema asubuhi, ua moja la kuchora na jingine la kuchana. Vikonyo visikatwe baada ya maua kunyauka, kwani kikonyo kilekile hutoa mengine, na aliyeshindwa leo kuupata mkunjo wa petali ataupata kwenye ua litakalofuata.